Tano Bila Pale Ruiru

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu mjini Thika akanunue njumu za mpira. Mwenye duka alipotoa kiatu kwenye boksi, nilimtangulia mtoto kukidaka, nikakipeleka puani. Hakikunuka kitu. Labda harufu ya karatasi ya nailoni iliyokaa juani, basi. Nikakigeuza, nikabonyeza soli kwa kidole gumba kuanzia kisigino hadi kwenye vidole, kwa nguvu zote nilizobaki nazo.

"Cucu, tunaangalia saizi tu," mjukuu akaninong'oneza mimi nyanya yake, haya imemjaa. "Hii si avokado."

"Nyamaza," nikamwambia. "Wewe huijui Ruiru."

Mwenye duka akacheka, na mjukuu akazidi kuona haya, maana Ruiru ndiko anakoishi na wazazi wake, ghorofa ya nne, na anaijua kuliko mimi. Lakini nyinyi wa rika langu, mliokuwa watoto wakati hata safari ya Ruiru ilitaka karatasi yenye muhuri, nyinyi nikiwaeleza mtanielewa. Kwangu mimi Ruiru ni uwanja mmoja wenye matope, mabao matano, na mwanamume mmoja niliyemchukia kwa moyo wangu wote kwa siku moja na nusu. Nimechukia watu wengine tangu hapo, sitawadanganya, lakini hakuna hata mmoja niliyekuja kumheshimu vile.

Tulikaa kwenye laini za kiwanda cha ngozi, vyumba vilivyopangwa kwa mstari, bati moja refu juu ya familia kumi na sita. Baba yangu alifanya kazi kwenye mashimo ya kulowekea. Ngozi mbichi zilitiwa chokaa manyoya yang'oke, kisha zikalazwa kwenye maji ya magome ya miwati miezi na miezi hadi zikawa nyekundu na ngumu. Harufu ile mnaijua, mliopita Thika enzi hizo. Nusu ilikuwa mzoga, nusu chai iliyochacha, na ilikaa kwenye nguo, kwenye blanketi, hata kwenye uji. Shuleni watoto wa kiwanda cha mananasi walijiziba pua tulipoketi karibu nao. Mimi sikuona kasoro yoyote. Hiyo ilikuwa harufu ya baba akirudi nyumbani, na ilikuwa harufu ya timu yetu.

Baba alikuwa golikipa. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita Wangari, aliniita "maitu", yaani mama yangu, na kama nilikuwa mama yake basi nilikuwa na haki ya kumgombeza akifungwa. Nilimgombeza kweli. Nilikuwa na miaka tisa hivi, mdomo mkubwa kuliko mwili, na Jumamosi timu ikishindwa nilisusa chakula. Mama alisema amezaa mzee wa baraza.

Mchezaji wangu mimi alikuwa Kyalo. Winga wa kushoto, kijana mwembamba kutoka Machakos, mpwa wa Meneja wetu, wakikaa chumba kimoja mwisho wa laini. Alicheza pekupeku kama wote wakati ule, na nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa chini, kwa hiyo akishika kasi uliona weupe ule ukipepesa kando ya mstari. Akifunga bao alikuja ukingoni, akaninyooshea kidole na kuuliza, "Mkubwa, iko sawa?" Nami nilimjibu, "Ongeza!" Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kuniuliza kama jambo lolote liko sawa.

Kisha nikaugua surua. Mama akanifungia chumbani, akatundika blanketi dirishani macho yasipigwe na mwanga, na timu ikaenda kucheza Ruiru bila mimi. Nilipotoka, siku nyingi baadaye, Kyalo hakuwepo. Kitanda chake cha kamba kilikuwa nje, kimeegemezwa ukutani. Nikamuuliza mama, akaniambia nikachote maji. Nikamuuliza baba, akaanza kutafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake. Mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Mazito hayakusemwa mbele ya watoto. Tuliachwa tujijazie wenyewe, nasi tulijijazia.

Mimi nilijijazia hivi. Msimu wa nyuma beki wetu mmoja, Ouma, alikwenda kucheza Ruiru dhidi ya timu ya shamba la kahawa, wenyeji wakampenda, wakampa kazi ya kuendesha trakta, akahamia kwao. Sasa Kyalo naye amekwenda kucheza Ruiru na hakurudi. Hesabu ilikuwa nyepesi. Walikuwa wametuibia Kyalo, na kosa lilikuwa la Meneja, kwa maana mpwa hawezi kumkimbia mjomba wake hivi hivi.

Meneja aliitwa Mutisya. Neno meneja lisiwape picha ya mtu wa tai. Mchana kutwa alisimama mezani na kisu kilichopinda akigawa ngozi za ng'ombe, mgongo huku, tumbo kule. Jioni alikuwa meneja, kocha na mwandishi wa barua za ruhusa. Ilikuwa bado ni wakati wa Hali ya Hatari, na wachezaji wetu Wakikuyu, baba akiwemo, hawakuruhusiwa kuvuka hata daraja bila karatasi. Mutisya ndiye aliyepeleka majina yao ofisini kwa DO, ofisa wa wilaya, akasimama huko tangu asubuhi hadi muhuri ukapigwa. Hakuwa msemaji. Ukimwambia neno, alikutazama miguu. Nilidhani ni kiburi.

Msimu uliofuata, wiki chache kabla ya kurudi Ruiru, akatangaza kwamba timu itavaa viatu. Alikuwa ameomba mabaki ya ngozi kiwandani, na kila jioni aliketi mlangoni kwake akikata na kushona. Alimpima kila mchezaji kwa kumsimamisha juu ya karatasi ya mfuko wa saruji na kuuzungusha mguu kwa makaa. Zile njumu zenyewe, meno ya chini, alizipigilia kwa vijiti vya mti mgumu. Misumari hakutaka hata kuisikia. Watu wakasema ni ubahili.

Baba alimwendea kumshauri, na mimi nilikuwa nimechutama karibu nikimenya viazi.

"Mutisya, hii ngozi haijaiva," baba alisema. "Inataka miezi mingine miwili kwa maji ya magome. Wewe unajua hiyo kuliko mimi."

"Ruiru ni wiki tatu," Mutisya akajibu.

"Basi tucheze na miguu, kama siku zote."

"Hapana."

"Karani wa kule ametuma neno. Ameapa wamesafisha uwanja wote, mpaka nyuma ya goli."

"Nimesikia."

Nilijua uwanja ule ulikuwa malisho ya ng'ombe. Nikaelewa kwamba tatizo ni mavi ya ng'ombe, na kwamba Meneja wetu anayaogopa. Mtu wa kiwanda cha ngozi, anaogopa mavi ya ng'ombe! Nilicheka peke yangu hadi mama akanikazia macho.

Mazoezini walitembea kama bata. Wafula, mshambuliaji wetu, aliyekuwa na shuti la kutisha, alipiga penalti na mpira ukabaki pale pale, kiatu ndicho kilichoruka golini. Baba akakidaka vizuri sana. Laini nzima ilicheka wiki ile, isipokuwa Mutisya, ambaye alikiokota kiatu, akatia kamba ndefu zaidi na kumfunga Wafula mwenyewe, amepiga goti mbele yake.

Tukaenda Ruiru kwa lori la kiwanda, wachezaji mbele, mama na wanawake wengine wawili na sufuria za githeri nyuma, mimi katikati ya sufuria. Askari wa kizuizi cha barabarani alisoma majina, akahesabu vichwa, akahesabu tena. Tulipofika Juja, katikati ya mikonge, mvua ikaanza kunyesha, na haikukatika hadi jioni.

Kitu cha kwanza nilichofanya uwanjani ni kumtafuta Kyalo upande wa wenyeji. Nilimwona Ouma, amenenepa. Kyalo sikumwona. Wamemficha, nikajiambia. Watamtoa kipindi cha pili watumalize.

Hata hawakumhitaji. Wale wa Ruiru walicheza pekupeku, vidole vikishika matope, wepesi kabisa. Wetu walikuwa wamevaa ngozi ambayo haijaiva, na ngozi ambayo haijaiva, wenye kazi hiyo wanajua, hunywa maji. Kila dakika viatu vilizidi kuwa vizito. Sisi watu wa ngozi, tunaouzia nchi nzima ngozi ya viatu, tukaaibishwa na ngozi mbele ya wachuma kahawa. Mapumziko yalipofika tulikuwa tumefungwa mawili, na watoto wa Ruiru waliigiza mbele yangu jinsi beki wetu anavyoanguka.

Wafula akaketi matopeni, akafungua kamba, akavitupa viatu vyake mbali. Mwingine akamfuata, na mwingine. Mutisya hakugomba. Alizunguka akiviokota kimoja kimoja kwenye mvua, akarudi na kukiweka kila kiatu mbele ya mwenyewe.

"Hakuna mtu ataingia hapo bila viatu," akasema.

"Meneja, tunafungwa!"

"Naona."

"Hao wako miguu tupu na wanatucheka!"

"Hao ni watu wa wenyewe. Mimi niko na nyinyi kumi na moja."

Wote wakamgeukia baba, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Nikasema moyoni, sasa baba atamwonyesha. Baba alitazama goli ambalo angekwenda kulinda kipindi cha pili, lile la upande wa chini. Akatazama nyasi za nyuma yake. Kisha akainama, akakaza kamba za viatu.

"Vaeni," akawaambia.

Nilitema mate chini. Tulifungwa mengine matatu. Bao la tano lilipita katikati ya miguu ya baba yangu mzazi, ambaye alitaka kubana magoti, viatu vikakataa. Kuanzia bao la tatu nilikuwa nimeacha kushangilia na kugeukia kutukana. Nilimwambia Meneja arudi Machakos akalime mtama. Nilimwita jina la mnyama ambalo sitaliandika hapa. Mama alinifinya hadi akachoka. Na Kyalo hawakumtoa hata dakika moja, jambo lililoniuma zaidi, kana kwamba walituona hatustahili.

Tukapanda lori kurudi, tukaipita Juja. Ngozi mbichi iliyolowa ilinuka kuliko siku nyingine yoyote. Kisha Wafula akasema, bila kumtazama mtu, "Kesho baada ya kanisa watu wapange mstari."

Hivyo ndivyo timu yetu ilivyochagua meneja. Alisimama mbele ya bomba la maji la laini. Waliomtaka walipanga mstari nyuma yake, wasiomtaka walipanga bombani. Hapakuwa na karatasi wala siri, mtu alionekana na mgongo wake.

"Ni sawa," Mutisya akasema.

Lori lilikuwa kimya, na mimi sijawahi kuachia kimya kipite bure. Nikasimama katikati ya sufuria nikamwambia, "Ndiyo maana Kyalo alikukimbia!"

Hakuna aliyenipiga, na hilo lilinishangaza. Mama, ambaye mkono wake haukuwa na subira, aliniwekea tu kiganja mdomoni, polepole. Baba aligeuza uso akatazama mikonge. Mutisya alitazama miguu yangu. Mimi nikaona nimewachoma kwa ukweli, nikaketi nimeridhika.

Jioni ile kazi yangu ilikuwa kuosha viatu vya baba. Nilivikwangua tope kwa kijiti karibu na jalala la majivu, nikivisema vibaya. Kwenye soli ya kushoto kijiti kikakwama. Palikuwa na kipande cha seng'enge, urefu wa kidole changu, kutu tupu, kimezama ndani ya ngozi hadi kwenye mwiba wake. Nilihangaika nacho kwa kisu cha jikoni hadi kikatoka. Takataka za Ruiru, nikasema, nikakitupa kwenye majivu.

Asubuhi mama alinivisha gauni la kanisani, akanikabidhi vile viatu. Viatu vyote vilikaa kwa Mutisya, vipakwe mafuta ya ng'ombe.

"Umpelekee, na umwombe msamaha," mama akasema. "Usipoomba, usirudi hapa kutafuta chai."

Nilimkuta mlangoni na kitambaa mkononi, viatu vimepangwa mbele yake. Nikaweka vya baba mwisho wa mstari. Maneno ya msamaha hayakuja, kwa hiyo nikahesabu viatu ili nionekane nina shughuli. Nikahesabu tena. Wachezaji walikuwa kumi na mmoja na jozi zilikuwa kumi na mbili. Ile ya kumi na mbili haikuwa na tope hata punje. Ngozi yake ilikuwa bado ya rangi ya chungwa, meno ya chini makali, hayajagusa ardhi. Ilikuwa nyembamba, na mguu mwembamba vile kwenye timu ile niliujua mmoja tu.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. "Ni za Kyalo! Umemshonea ndio arudi! Anarudi lini?"

Mkono wa Mutisya ukasimama. "Nani alikuambia Kyalo yuko wapi?"

"Hakuna. Najua tu. Yuko Ruiru. Wamempa trakta, kama Ouma."

Mutisya aliweka chini kiatu alichokuwa akipaka mafuta. Kisha akasogea akanipa nafasi kizingitini, akanitia kitambaa cha mafuta mkononi pamoja na kiatu kimoja, nisije nikakosa cha kushika.

"Baba yako atanikasirikia," akasema. "Lakini siwezi kuacha wewe ukimtusi huyo kijana. Hakunikimbia. Paka mafuta, sikiza."

Akanieleza. Kwamba ule uwanja, kabla ya ng'ombe na kabla ya magoli, ulikuwa kambi ya kufungia watu, imezungushiwa seng'enge pande zote. Kambi ikavunjwa, seng'enge ikakokotwa, lakini vipande vilibaki kwenye nyasi. Siku ile mimi nikiwa na surua, Kyalo alikanyaga kimoja.

"Alicheza mpaka firimbi ya mwisho," Mutisya akasema. "Kidonda kilikuwa kadogo, kama punje ya mahindi. Alifunga na kitambaa akaenda kazi Jumatatu. Mimi nilikiona. Nilikiona na hii macho yangu, nikamwambia kitapona. Siku ya nane taya likafunga, hawezi hata kunywa maji. Tulimpeleka hospitali. Hakumaliza siku mbili. Nikampeleka Machakos kwa mama yake."

Nililia, na sijui kama nililia kwa ajili ya Kyalo au kwa ajili ya mambo niliyokuwa nimeyasema. Nilimtafuta uwanjani, nikamnunia kwa kutotokea. Aibu ile naweza kuigusa hata leo. Nikamwuliza, kwa kuwa bado nilikuwa na kile kiatu chembamba mbele yangu, "Sasa hizi ulishona za nini?"

"Nilikata kumi na moja," akasema. "Mikono ikaendelea."

"Waambie basi. Waambie sasa hivi."

"Wanajua, wote walimbeba. Lakini karani wa Ruiru ameapa uwanja uko safi, na wao wamemwamini. Mimi nimefungwa tano. Nani atanisikiza?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilisimama hata sikuaga. Kengele ya kanisa ilikwisha kulia, watu walikuwa wakitoka kanisani, na mama alikuwa amemwaga majivu ya asubuhi juu ya yale ya jana, yakiwa na moto ndani. Nilipiga magoti na gauni langu jeupe nikachambua jalala kwa mikono. Niliungua vidole viwili. Nilipata kijiko kilichopotea, nikapata mfupa, nikapata kifungo. Mwishowe nikakipata.

Nilipofika bombani mstari ulikuwa umeanza. Mutisya alikuwa amesimama peke yake, mikono nyuma, anatazama ardhi. Wachezaji saba walikuwa upande wa bomba, Wafula mbele yao. Wanne walikuwa katikati hawajaamua, na baba alikuwa mmoja wao.

Nikamtia baba ile seng'enge mkononi. "Ilikuwa kwa kiatu chako. Ya kushoto. Niliitupa."

"Wewe, maitu, lini?"

"Jana jioni. Ilikuwa imeingia mpaka kwa mwiba."

Baba hakunigombeza kwa lile gauni. Alikwenda mlangoni kwa Mutisya, akarudi na kiatu chake cha kushoto, akatafuta tundu kwenye soli, akakirudisha kipande kile mahali pake hadi mwiba ukagota. Kisha akaingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa kwa kidole akitafuta ncha. Alipapasa sana. Ncha haikuwa imefika upande wa pili.

Akatembea akasimama nyuma ya Mutisya, kiatu kikiwa bado mkononi. Kilipita mkono hadi mkono, na kila mmoja aliingiza kidole ndani akapapasa vile vile. Wafula alikaa nacho kuliko wote. Ndiye aliyekuwa amembeba Kyalo mgongoni hadi barabarani siku ile ya hospitali, hilo nilikuja kuambiwa baadaye.

"Meneja," akasema, "lakini hii ngozi ni mbichi."

"Ni mbichi," Mutisya akakubali. "Niliharakisha."

"Mwaka kesho iive."

"Itaiva."

Wafula akahama. Wengine wakahama nyuma yake. Wawili walibaki bombani hadi mwisho, na sikuwalaumu sana, maana tano ni tano. Mimi sikuwa na kura, lakini nilikwenda nikasimama mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya migongo yote, nimejaa majivu, na hakuna aliyenifukuza.

Ngozi za mwaka uliofuata baba alizilaza mwenyewe shimoni, akakataa zitolewe hata siku moja kabla ya wakati wake. Zilitoka nyekundu, nyepesi, hazinywi maji. Tukarudi Ruiru nazo, na siku hiyo hata mvua haikunyesha, hatukuwa na kisingizio chochote. Tulifungwa tatu kwa moja. Meneja alimpanga Wafula pembeni badala ya katikati, uamuzi ambao hadi leo sijauelewa, na nilimweleza hivyo kuanzia firimbi ya mwisho, kwenye lori, kupita Juja, hadi mbele ya laini zetu. Mama hakunifinya. Nadhani naye alikubaliana nami.

Lori liliposimama, Mutisya alishuka wa kwanza, akasimama nyuma yake kama alivyofanya siku zote, akitazama wachezaji wakiruka chini mmoja mmoja. Nikashuka nikasimama kando yake. Siku hiyo nami nilitazama anapotazama. Wafula akaruka, viatu mkononi, akakanyaga vumbi na nyayo zake mbili. Akaruka beki, akaruka winga mpya, wa mwisho akaruka baba. Nilihesabu kimya kimya. Miguu ishirini na miwili, na hakuna hata mmoja uliochechemea.

Mutisya alikuwa amemaliza kuhesabu kabla yangu. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza aliacha miguu yangu akanitazama usoni.

"Mkubwa," akasema, "iko sawa?"

Tulikuwa tumefungwa tatu. Nilikuwa sijala.

"Iko sawa," nikamwambia.